Kuskusi ya Mboga kwa Ladha ya Kiholanzi: Mboga Tele, Moto Kidogo

Kaunti ya Nakuru haina uhaba wa mboga. Maeneo ya juu kama vile Molo, Kuresoi na Mau Narok hutoa viazi, karoti, kabichi na njegere, na sukuma wiki haikosi katika kibanda cha mama mboga. Hata hivyo, katika meza nyingi mboga huwekwa kidogo pembeni mwa sahani, huku ugali, wali au chapati ikichukua nafasi iliyobaki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, pendekezo ni gramu 250, na kwa wale wa miaka 6 hadi 9 ni gramu 350. Kijiko kimoja au viwili vya sukuma wiki kando ya ugali havifikishi kiwango hicho.

Makala haya yanaeleza chakula kinachogeuza hesabu hiyo: kuskusi ya mboga iliyotiwa ladha ya Kiholanzi. Katika chakula hiki mboga ndizo nyingi na nafaka ndiyo kidogo. Sahani moja hubeba karibu gramu 300 za mboga, zikipimwa kabla ya kumenywa. Kuskusi yenyewe haichemshwi. Huiva kwa mchuzi wa moto ikiwa imefunikwa, hivyo familia huokoa gesi au makaa. Isipokuwa kuskusi na viungo vichache, mahitaji yote hupatikana katika soko la kawaida.

KUSKUSI NI NINI

Kwa macho, kuskusi hufanana na punje ndogo za nafaka, na wengi hudhani ni mmea wa aina yake kama mchele au wimbi. Sivyo. Kuskusi hutengenezwa kwa ngano ngumu iliyosagwa ikawa chengachenga zinazofanana na suji. Chenga hizo hunyunyiziwa maji na unga kidogo, zikaviringishwa kwa viganja hadi zishikane kuwa punje za mviringo, kisha huchekechwa na kupikwa kwa mvuke.

Chakula hiki ni cha Waamazighi, wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, ambao pia huitwa Waberberi. Mnamo Desemba 2020, shirika la UNESCO liliingiza ujuzi wa kutengeneza na kula kuskusi katika orodha ya turathi za kitamaduni za binadamu, kwa ombi lililowasilishwa kwa pamoja na Aljeria, Mauritania, Moroko na Tunisia. Nchini Moroko, kuskusi ni chakula cha Ijumaa, familia inapokusanyika baada ya swala ya adhuhuri. Aina inayopendwa sana ni kuskusi ya mboga saba, ambapo karoti, malenge, kabichi na mboga nyingine hupangwa juu ya kilima cha punje.

Wapishi wa huko hutumia chungu cha ghorofa mbili. Chini huchemka mchuzi wa mboga au nyama, na juu hukaa chombo chenye matundu kilichowekwa kuskusi. Mvuke wa mchuzi hupanda ukaivisha punje. Kila baada ya muda punje hutolewa, zikanyunyiziwa maji, zikachambuliwa kwa vidole, kisha zikarudishwa juu ya mvuke mara mbili au tatu. Ni kazi ya muda mrefu.

Kuskusi ya pakiti inayouzwa katika maduka makubwa imekwisha kupitia mvuke kiwandani na kukaushwa. Ndiyo maana huhitaji tu kumwagiwa maji au mchuzi wa moto na kufunikwa kwa dakika tano hadi saba.

ILIVYOFIKA UHOLANZI

Mnamo Mei 1969, Uholanzi na Moroko zilitia saini makubaliano ya kuajiri wafanyakazi. Wanaume wengi, hasa kutoka eneo la milima ya Rif, walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya Uholanzi. Baadaye wake na watoto wao waliwafuata. Leo watu wenye asili ya Moroko nchini humo ni zaidi ya 400,000. Kuskusi iliingia nao, kwanza katika nyumba zao na maduka yao, kisha katika maduka makubwa na majiko ya Waholanzi wenyewe.

Nakuru nayo ina uhusiano wake na nchi hiyo, kwa kuwa maua mengi yanayokuzwa Naivasha huuzwa Uholanzi, yakiwemo yanayopitia mnada wa Aalsmeer. Chakula kinachoelezwa hapa si mlo wa kale wenye jina maalum. Ni upishi wa nyumbani unaoanza na kuskusi ya Afrika Kaskazini, kisha ukaazima mambo matatu kutoka jiko la Kiholanzi.

Jambo la kwanza ni namna ya kutumia mboga. Waholanzi wana desturi ya zamani ya kuchanganya mboga za bei nafuu katika chungu kimoja. Mfano maarufu ni hutspot, mchanganyiko wa karoti, vitunguu na viazi uliopondwa pamoja. Huliwa hasa tarehe 3 Oktoba mjini Leiden, kukumbuka siku mji huo ulipokombolewa kutoka kwa jeshi la Uhispania mwaka 1574 baada ya kuzingirwa na kukumbwa na njaa. Simulizi za wenyeji husema chungu cha mboga kilichoachwa na askari waliokimbia ndicho kilichokuwa mlo wa kwanza wa ukombozi. Viazi viliongezwa katika chakula hicho baadaye, kwa maana wakati huo havikuwa vimezoeleka Ulaya.

Mchanganyiko mwingine hutumia boerenkool, neno linalomaanisha kabichi ya mkulima. Mboga hii ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki. Zote ni za jamii moja ya mmea pamoja na kabichi. Waholanzi huikata nyembamba sana na kuiponda ndani ya viazi, na hata mtoto asiyependa majani huila bila kuyatenga. Mbinu hiyo ya kukata majani membamba na kuyachanganya ndani ya chakula ndiyo inayotumika hapa.

Jambo la pili ni jibini ya Gouda. Jina limetoka kwa mji wa Gouda, ambao kwa karne nyingi umekuwa soko ambako wakulima wa vijiji vya jirani huleta jibini yao. Maziwa hugandishwa, mgando hukatwa vipande vidogo, sehemu ya maji yake huondolewa na kubadilishwa kwa maji ya moto, kisha mgando hushindiliwa katika umbo la duara, huloweshwa katika maji ya chumvi na kuachwa ukomae. Kuosha mgando kwa maji hupunguza uchachu, na ndiyo sababu Gouda huwa na ladha ya upole. Umoja wa Ulaya umelinda jina “Gouda Holland” tangu 2010, lakini neno Gouda pekee linaweza kutumiwa na mtengenezaji wa nchi yoyote. Hapa Kenya, jibini ya aina hii hutengenezwa kwa maziwa ya wafugaji wetu, ikiwemo katika viwanda vya Eldoret na Limuru.

Jambo la tatu ni kungumanga. Mpishi wa Kiholanzi hukwangua kungumanga kidogo juu ya mboga kama vile koliflawa, mchicha na kabichi. Tabia hiyo ina historia chungu. Kungumanga ilitoka visiwa vya Banda, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, iliviteka visiwa hivyo mwaka 1621 ili ihodhi biashara hiyo, na wenyeji wengi waliuawa au kutiwa utumwani. Leo kiungo hiki hulimwa katika nchi kadhaa, ikiwemo Zanzibar, na huuzwa katika maduka ya viungo.

Kuna kiungo kimoja ambacho pande zote mbili zinakijua: bizari nyembamba. Hutiwa katika mchuzi wa kuskusi, na pia huchanganywa katika jibini ya Leiden. Kwa hivyo jibini na kuskusi hazigombani katika sahani moja.

MAHITAJI KWA WATU SITA

Kikombe kinachotajwa ni cha mililita 250.

• Kuskusi kavu: vikombe 2
• Karoti: 4 za wastani (gramu 400)
• Vitunguu maji: 3 (gramu 300)
• Malenge: kipande cha gramu 300
• Kabichi: kipande cha gramu 300
• Nyanya zilizoiva: 3 au 4 (gramu 300)
• Sukuma wiki: gramu 200
• Maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa: vikombe 2
• Kitunguu saumu: punje 3
• Tangawizi mbichi: kipande cha ukubwa wa kidole gumba
• Bizari nyembamba ya unga: kijiko 1 cha chai
• Manjano: nusu kijiko cha chai
• Mdalasini wa unga: robo kijiko cha chai
• Kungumanga iliyokwanguliwa: robo kijiko cha chai
• Mafuta ya kupikia: vijiko vikubwa 3
• Chumvi: kijiko 1 cha chai
• Maji: vikombe 4
• Jibini ya Gouda changa: gramu 120
• Dania na limau 1

Gouda changa ndiyo inayofaa kwa sababu huyeyuka vizuri. Iliyokomaa kwa muda mrefu huwa ngumu na yenye ladha kali, na mpishi akiitumia apunguze kiasi. Maharagwe yaloweshwe usiku kucha na yachemshwe kwa nguvu hadi yalainike kabisa, kwa kuwa maharagwe yasiyoiva vizuri huumiza tumbo. Ili kuokoa moto, ni afadhali kuchemsha ya siku kadhaa kwa mara moja na kuyahifadhi kwenye friji.

NAMNA YA KUPIKA

1. Mboga zote zioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa. Karoti na malenge zikatwe vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole, na kabichi vipana kidogo. Sukuma wiki ikunjwe na ikatwe nyembamba iwezekanavyo. Nyanya zikatwe ndogo.

2. Mafuta yapashwe moto katika sufuria kubwa yenye kifuniko. Vitunguu vikaangwe kwa moto wa wastani kwa dakika tano hadi vilainike, bila kuachwa viungue. Kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa zifuate, kisha bizari nyembamba, manjano na mdalasini. Zikorogwe kwa dakika moja hadi zinukie.

3. Nyanya na chumvi ziongezwe. Zikorogwe kwa dakika nne au tano hadi nyanya zivunjike na kuwa rojo.

4. Karoti na vikombe vinne vya maji vitiwe, sufuria ifunikwe na iachwe ichemke. Baada ya dakika sita za kuchemka, malenge, kabichi na maharagwe yaongezwe. Vyote viive kwa dakika saba nyingine. Karoti iwe laini inapochomwa kwa uma, lakini isivunjike.

5. Kuskusi imwagwe katika bakuli kubwa. Vikombe viwili na robo vya mchuzi wa moto vichotwe kutoka sufuriani na kumwagiwa juu yake. Mchuzi usipotosha, maji yanayochemka yatumike kujaza kipimo. Bakuli lifunikwe vizuri kwa sahani na lisifunuliwe kwa dakika saba.

6. Wakati kuskusi ikingoja, sukuma wiki na kungumanga zitiwe sufuriani. Zipikwe kwa dakika tatu au nne tu, ili majani yabaki ya kijani. Moto uzimwe.

7. Kuskusi ifunuliwe na kuchambuliwa kwa uma, kuanzia pembeni kuelekea katikati, hadi punje ziachane. Isikorogwe kwa mwiko.

8. Kuskusi itandazwe katika sinia, mboga zipangwe juu yake pamoja na mchuzi uliobaki, na Gouda iliyokwanguliwa inyunyizwe wakati mboga zingali za moto. Sinia ifunikwe kwa dakika mbili ili jibini iyeyuke. Dania na maji ya limau yamalizie.

Kazi ya motoni huchukua takriban nusu saa, bila kuhesabu kuchemsha maharagwe.

PALE MAMBO YANAPOHARIBIKA

Kosa la kwanza ni kuichemsha kuskusi kama wali. Ikichemshwa hugeuka uji mzito. Kuskusi hunywa kioevu cha moto. Haihitaji moto wenyewe.

Kosa la pili ni kukadiria maji kwa macho. Kikombe kimoja cha kuskusi huhitaji zaidi kidogo ya kikombe kimoja cha mchuzi. Ikipungua, punje hubaki ngumu na kukwaruza koo. Ikizidi, hushikana madonge. Mpishi akiona bado ngumu baada ya dakika saba, anyunyize vijiko viwili au vitatu vya maji ya moto na aifunike tena.

Kosa la tatu ni kutia jibini ndani ya sufuria inayochemka. Moto mkali huifanya Gouda kuvutika kama mpira na kutoa mafuta. Iwekwe mwisho, moto ukiwa umezimwa.

Kosa la nne ni kuzidisha kungumanga. Kiasi kidogo huleta harufu nzuri, lakini kingi hufanya chakula kuwa kichungu na kinaweza kumdhuru mlaji. Gramu chache tu, yaani kijiko cha chai kimoja au zaidi kwa mtu mmoja, zinaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na mapigo ya moyo ya kasi. Robo kijiko kwa watu sita inatosha, na kiungo hiki kiwekwe mbali na watoto.

FAIDA KWA MWILI

Karoti, malenge na sukuma wiki zina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika kwa macho na kinga ya mwili. Viini hivyo hufyonzwa vizuri vikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Vijiko vitatu vya mafuta katika sufuria nzima vina kazi hiyo mbali na kukaanga, na hakuna haja ya kuongeza zaidi.

Maharagwe na majani hutoa madini ya chuma, ambayo ni muhimu sana kwa wajawazito, wasichana waliobalehe na watoto wadogo. Madini ya chuma yanayotoka kwa mimea huingia mwilini polepole, lakini vitamini C iliyo katika limau, nyanya na kabichi husaidia. Kwa upande mwingine, chai hupunguza ufyonzaji huo. Anayezoea kunywa chai pamoja na chakula atapata faida zaidi akisubiri saa moja hivi baada ya kula.

Gramu 20 za Gouda, ambazo ni fungu la mtu mmoja, zina takriban gramu 5 za protini na miligramu 140 za kalisi ya kujenga mifupa na meno. Jibini hiyo pia ina chumvi na mafuta, hivyo itumike kama kiungo, isiwe mboga. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko cha chai kimoja. Katika sufuria hii kijiko hicho kimegawiwa watu sita. Mchuzi wa vipande vya viwandani huwa na chumvi nyingi, na ukitumiwa chumvi nyingine iachwe.

Penye chaguo, kuskusi ya ngano isiyokobolewa ni bora zaidi kwa kuwa ina nyuzinyuzi nyingi. Namna ya kupika ni ileile.

BEI NA VYAKULA MBADALA

Kuskusi na jibini ndizo zinazoweza kumrudisha mtu nyuma, kwa sababu hugharimu zaidi ya mchele na maziwa. Kenya hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na kuskusi ya pakiti kwa kawaida huja kutoka ng’ambo. Familia haina sababu ya kuiacha sufuria hii kwa ajili hiyo. Mboga ndizo msingi wake, na mengine yanaweza kubadilishwa.

Ngano ya kupondwa, ambayo wapishi wa Pwani huitumia kwa bokoboko, inafaa sana. Tofauti ni kwamba yenyewe huchemshwa: kikombe kimoja cha ngano kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo, takriban dakika 15 hadi 20. Mawele nayo yana historia yake. Nchini Senegal na Mali, kuskusi hutengenezwa kwa mawele tangu zamani, si kwa ngano. Wali uliobaki jana na kuhifadhiwa kwenye friji pia unaweza kupashwa moto sawasawa na kuwekwa chini ya mboga.

Badala ya Gouda, jibini rahisi inaweza kutengenezwa nyumbani. Lita moja ya maziwa huchemshwa, ikatiwa maji ya limau vijiko vikubwa viwili au vitatu hadi yagande, kisha mgando ukachujwa kwa kitambaa safi na kukamuliwa. Jibini hii haiyeyuki kama Gouda, kwa hivyo huvunjwavunjwa na kunyunyizwa juu. Yai la kuchemsha kwa kila mlaji pia linatosha.

Mboga nazo zifuate msimu. Kabichi zinapokuwa nyingi na bei kushuka, kiasi chake kiongezwe na malenge yapunguzwe. Njegere, koliflawa, mchicha, kunde au kojeti zote zinakubali mchuzi huu. Kwa mkulima mdogo, hii ni njia mojawapo ya kutumia karoti zilizopinda au kabichi ndogo ambazo mnunuzi amezikataa kwa sababu ya umbo lake ilhali hazina kasoro kwa mlaji. Kinachopaswa kubaki ni uwiano: kwa kila kikombe cha nafaka kavu, zaidi ya nusu kilo ya mboga.

USAFI NA UHIFADHI

Mikono, ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kazi. Majani yaoshwe moja moja, kwa maana udongo na wadudu hujificha katika mikunjo. Maziwa mabichi yachemshwe kabla ya kutumiwa kwa namna yoyote, kwani yanaweza kueneza magonjwa kama brusela na kifua kikuu. Anayenunua jibini asome lebo kuhakikisha imetengenezwa kwa maziwa yaliyoondolewa vijidudu, hasa akiwa mjamzito.

Chakula kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Nafaka iliyopikwa na kuachwa vuguvugu hukuza bakteria wanaosababisha kuhara na kutapika, na sumu yao nyingine haiondoki hata chakula kikichemshwa tena. Kilichobaki kipozwe haraka katika chombo kipana, kiwekwe kwenye friji, na kiliwe ndani ya siku mbili baada ya kupashwa moto hadi kifuke mvuke. Nyumba isiyo na friji ipime kuskusi ya mlo mmoja tu. Kwa kuwa huiva kwa dakika chache, hakuna haja ya kupika ya kesho.

WANAOHITAJI TAHADHARI

Kuskusi ni ngano, hivyo haifai kwa mwenye ugonjwa wa kutovumilia gluteni. Mtu huyo atumie mawele, wimbi au mchele. Anayesumbuliwa na tumbo kila anapokunywa maziwa mara nyingi huvumilia jibini iliyokomaa, kwa sababu sukari nyingi ya maziwa huisha wakati wa kutengenezwa, lakini mwenye mzio wa maziwa aiache kabisa. Mgonjwa wa kisukari apime nafaka yake kwa ushauri wa mhudumu wa afya na aongeze mboga zisizo na wanga mwingi.

Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza vyakula vya nyongeza anaweza kupewa mboga hizi zikiwa zimepondwa laini, huku akiendelea kunyonya. Fungu lake litolewe katika sufuria iliyopikwa bila chumvi. Chumvi ya wakubwa itiwe baadaye. Watoto wadogo wasipewe vipande vigumu vya karoti, kwani vinaweza kuwakaba.

KUTOKA SHAMBANI HADI SAHANINI

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kuwa na chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi serikali za kaunti majukumu ya kilimo na huduma za afya za kaunti. Mkazi anayetaka kuotesha sukuma wiki, karoti au dania katika nafasi ndogo nyumbani anaweza kuuliza katika ofisi ya kilimo iliyo karibu naye. Maswali kuhusu lishe ya mtoto, mjamzito au mgonjwa yapelekwe kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji husika au katika zahanati na vituo vya afya.

Kwa anayejaribu chakula hiki mara ya kwanza, vipimo vitatu vinatosha kukumbukwa: kikombe cha kuskusi kwa kikombe na kidogo cha mchuzi wa moto; zaidi ya nusu kilo ya mboga kwa kila kikombe hicho; na jibini gramu 20 kwa kila mlaji, iwekwe baada ya moto kuzimwa.